Imamura Akitsune: Mwalimu Aliyeionya Tokyo Miaka 18 Kabla

Katika safu hii tumezoea kuwaletea maisha ya watakatifu, wamisionari na wanafalsafa. Safari hii tunawaletea mwalimu wa hesabu. Jina lake ni Imamura Akitsune, Mjapani aliyetumia maisha yake yote kuchunguza matetemeko ya ardhi. Nchini kwake anajulikana sana. Huku kwetu jina lake halisikiki. Tumemchagua kwa sababu aliona hatari inayoujia mji mkubwa, akaisema mapema, akaonekana mzushi. Ilipodhihirika kwamba alisema kweli, hakukuwa na wa kumshangilia, maana mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuungua.

Tumemchagua pia kwa sababu jambo alilolichunguza linatugusa sisi tunaoishi upande huu wa Bahari ya Hindi, ingawa wengi wetu hatulifikirii. Hilo tutalirudia mwishoni.

Kuzaliwa na masomo

Imamura alizaliwa tarehe 14 Juni 1870 katika mji wa Kagoshima, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu. Ng'ambo ya ghuba ya mji huo umesimama mlima wa volkano wa Sakurajima, ambao hata leo hutoa moshi na majivu. Mtoto anayekulia mahali pa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba ardhi ina uhai wake.

Alikwenda Tokyo kusoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Kifalme. Wakati wa ujana wake huo, tarehe 28 Oktoba 1891, tetemeko kubwa lilipiga katikati ya Japani, eneo la Nobi, na kuua watu zaidi ya 7,000. Serikali ilishtuka, na mwaka uliofuata ikaunda kamati maalumu ya kuchunguza matetemeko. Vijana wenye akili wakavutwa na elimu hiyo iliyokuwa bado changa. Imamura alikuwa mmoja wao.

Aliyetangulia mbele yake alikuwa Omori Fusakichi, aliyemzidi umri kwa miaka miwili tu. Omori alikuwa mtu hodari sana. Alitengeneza mashine bora za kupima mitetemo, na mwaka 1894 alitoa kanuni inayoeleza jinsi matetemeko madogo yanayofuata tetemeko kubwa yanavyopungua siku hadi siku, kanuni inayotumika mpaka leo. Baadaye akawa profesa na kiongozi wa elimu hiyo nchini, na jina lake likafika Ulaya na Marekani.

Imamura akawa profesa msaidizi chini yake, tena bila mshahara wa chuo. Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka 20. Riziki yake aliipata kwa kufundisha hesabu katika shule ya jeshi, kisha akatumia muda uliobaki kwa utafiti. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa zizi moja kwa zaidi ya robo karne, mmoja akiwa na cheo na sauti, mwingine akiwa na subira.

Bahari iliyokuja bila hodi

Tarehe 15 Juni 1896, watu wa pwani ya Sanriku, kaskazini-mashariki mwa Japani, walikuwa katika sherehe za jadi. Jioni ilipita mtikisiko hafifu, wa kuyumbayumba taratibu. Watu wa huko wamezoea mitikisiko, hivyo waliendelea na sherehe zao. Baada ya kama nusu saa maji ya bahari yaliingia nchi kavu. Mahali pengine yalipanda hadi mita 38 juu ya usawa wa kawaida. Watu wapatao 22,000 walikufa. Wavuvi waliokuwa mbali baharini hawakuhisi kitu. Waliporudi asubuhi walikuta vijiji havipo.

Wataalamu walijiuliza: tetemeko hafifu namna ile limewezaje kuinua bahari kiasi kile? Omori alifikiri kwamba maji ya ghuba huyumba kama maji ya beseni linapotikiswa. Imamura akatoa wazo jingine mwaka 1899. Alisema tsunami hutokea kwa sababu sakafu ya bahari yenyewe imepanda au imeshuka ghafla, nayo hubeba maji yote yaliyo juu yake. Wakati ule wengi hawakumkubalia. Leo ndivyo kila mwanafunzi anavyofundishwa.

Ili tuelewe alikuwa anashughulika na nini, inatupasa kusimama kidogo na kueleza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua, kwa sababu lilifahamika miaka ya 1960, baada ya kufa kwake. Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, sentimita chache kwa mwaka, kama kucha zinavyokua. Japani imekaa mahali ambapo mabamba yanagongana. Upande wa kaskazini-mashariki, bamba la Pasifiki linazama chini ya nchi, sentimita 8 hivi kila mwaka. Upande wa kusini, bamba la Bahari ya Ufilipino nalo linazama, kwa mwendo mdogo kuliko huo.

Lingekuwa linateleza vizuri, pasingekuwa na msiba. Lakini mabamba hushikana. La chini linaendelea kushuka na kulivuta la juu, na la juu linapinda kama upinde wa mshale. Upinde huo unaweka nguvu kwa miaka 100 au 200. Siku mshiko unapoachia, la juu linaruka kurudi mahali pake, na nguvu ya karne nzima inatoka kwa dakika moja au mbili. Sehemu yake inatikisa ardhi, sehemu yake inainua bahari, na iliyo kubwa inaishia katika kusaga na kupasha joto miamba yenyewe.

Sasa, nguvu hiyo haitoki kwa namna moja kila mahali. Tetemeko la 1896 lilitokea karibu kabisa na handaki la bahari, mahali ambapo mabamba yanakutana na tope laini limejaa katikati. Miamba iliteleza, lakini iliteleza taratibu. Mtelezo wa taratibu hautikisi nyumba sana, ila unainua maji vilevile. Ndiyo maana watu hawakukimbia. Ardhi iliwaambia kwa sauti ndogo jambo lililokuwa kubwa.

Onyo la mwaka 1905

Imamura hakutegemea mashine peke yake. Alisoma kumbukumbu za zamani, maandishi ya mahekalu na ya watawala, akakusanya habari za matetemeko ya karne nyingi. Alipoangalia historia ya Tokyo, ambayo zamani iliitwa Edo, aliona kwamba mji ulipigwa vibaya mara kwa mara. Mwaka 1703 palikuwa na tetemeko kubwa sana, na mwaka 1855 jingine lililoua maelfu. Alihesabu, akapata wastani wa kama miaka 100 kati ya pigo na pigo.

Mwezi Septemba 1905 aliandika makala katika jarida la Taiyo. Alieleza kwamba Tokyo inaweza kupata tetemeko kubwa ndani ya miaka 50 ijayo, na kwamba wakati wa kujiandaa ni sasa. Shabaha yake haikuwa kutaja siku. Alitaka watu waone kitakachowaua. Nyumba zilikuwa za mbao na zimesongamana. Watu walitumia taa za mafuta. Mabomba ya maji yangepasuka kwa mtikisiko, na wazima moto wangebaki mikono mitupu. Akakadiria kwamba moto unaweza kuua watu zaidi ya 100,000. Akashauri taa za mafuta ziachwe na umeme uenee majumbani.

Makala hiyo ilipita kimya. Lakini Januari 1906 gazeti moja la mjini liliiokota, likaacha ushauri wote na kubakiza hofu. Hofu ikaenea. Mwezi uliofuata ardhi ya Tokyo ilitikisika, kisha uvumi ukazuka kwamba pigo kubwa linakuja saa fulani. Watu walikimbilia nje na viwanjani.

Omori akaona ni wajibu wake kutuliza umma. Akaandika na kusema hadharani kwamba hesabu za Imamura hazina msingi wa kutosha. Tusimhukumu haraka. Alikuwa kiongozi, aliwaona watu wakihangaika mitaani, naye aliamini kwamba taharuki nayo ina maafa yake. Lakini katika kuizima hofu alilizima na onyo lenyewe. Imamura akabaki na jina la mtu anayetafuta sifa kwa kutisha watu. Wanafunzi walimcheka, na hata watoto wake walidhihakiwa.

Novemba 1915, mitikisiko midogomidogo ilifululiza katika rasi ya Boso, jirani na Tokyo. Imamura aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu wawe waangalifu na moto. Akakemewa tena. Hata hivyo hakuacha kazi, wala hakuacha kusema.

Tarehe 1 Septemba 1923

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Saa sita kasoro dakika mbili mchana Imamura alikuwa amekaa ofisini kwake chuoni, Tokyo. Ardhi ilianza kutetemeka. Kwa mazoea ya kazi alianza kuhesabu sekunde, akisubiri mtikisiko mkuu ufike, kwa maana muda kati ya mtikisiko wa kwanza na ule mkuu hueleza umbali wa chanzo. Ulipofika, vigae vya paa vilimwagika na jengo likayumba. Yeye aliendelea kuhesabu.

Tetemeko hilo, lenye ukubwa wa 7.9, lilitokea pale bamba la Bahari ya Ufilipino linapozama chini ya eneo la Kanto, kupitia ghuba ya Sagami. Hapa tunaona namna nyingine kabisa ya kutoa nguvu. Sanriku chanzo kilikuwa mbali baharini; Kanto bamba linalozama limepita chini ya nchi kavu, kwa kina kidogo, chini ya miguu ya mamilioni ya watu. Nguvu haikuwa na mwendo wa kupungulia. Yokohama ilianguka karibu yote. Ncha ya kusini ya rasi ya Boso iliinuka zaidi ya mita moja, na miamba iliyokuwa chini ya maji ikaachwa wazi juani.

Kisha ukaja moto. Ilikuwa saa ya kupika chakula cha mchana, na majiko yalikuwa yamewaka katika nyumba za mbao. Mabomba ya maji yalipasuka. Upepo mkali ulivuma siku hiyo kwa sababu ya kimbunga kilichokuwa kikipita upande wa kaskazini. Katika uwanja mmoja wa wazi, palipokuwa na ghala la mavazi ya jeshi huko Honjo, watu walijikusanya na mizigo yao wakidhani wako salama. Moto uliwazunguka, na wapatao 38,000 wakafa hapo hapo. Jumla ya waliokufa Tokyo, Yokohama na maeneo ya jirani ilikuwa kama 105,000, wengi wao kwa moto. Makadirio ya Imamura ya mwaka 1905, yaliyoonekana ya kichaa, yalitimia karibu kama yalivyo.

Lipo jambo jingine la siku hizo ambalo hatuwezi kuliruka. Uvumi ulienea kwamba Wakorea walioishi mjini wanachoma nyumba na kutia sumu visimani. Haikuwa kweli. Makundi ya raia, pamoja na askari na polisi, waliwaua Wakorea kwa maelfu, na Wachina wengi pia. Hao hawakuuawa na ardhi. Waliuawa na maneno.

Imamura na wenzake walipigania jengo lao lisiungue, ili kumbukumbu na mashine zisipotee. Waandishi wa habari walimjia mchana uleule, naye akawaeleza chanzo kilipo na akajaribu kutuliza hofu ya tetemeko jingine kubwa. Mtu aliyeitwa mtishaji ndiye aliyetakiwa sasa kuwa mtulizaji, na akaifanya kazi hiyo bila kuwakumbusha watu lolote la nyuma.

Omori mbele ya mashine ya mapadre

Omori alikuwa wapi? Alikuwa Australia, kwenye mkutano wa wanasayansi wa nchi za Pasifiki. Siku hiyo hiyo alitembelea kituo cha uchunguzi cha Riverview, mjini Sydney, kilichoanzishwa na kuongozwa na Padre Edward Pigot wa Shirika la Yesu. Wajesuiti walikuwa wamejenga vituo vya namna hiyo katika nchi nyingi, Manila hadi Marekani, na mchango wao katika elimu ya matetemeko ni mkubwa kiasi kwamba wako waliozoea kuiita elimu hiyo sayansi ya Wajesuiti.

Omori alikuwa amesimama na mwenyeji wake wakati sindano ya mashine ilipoanza kucheza. Mtu mwenye uzoefu wake hakuhitaji kuambiwa. Mistari ile ilionyesha tetemeko kubwa, la mbali, upande wa kaskazini. Baadaye habari zikathibitisha kwamba ni Tokyo. Tumejaribu kufikiri alivyojisikia mtu yule katika chumba kile, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, akitazama kalamu ikichora kile alichowaambia watu wasikihofie.

Alirudi kwa meli akiwa mgonjwa. Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Meli ilipofika Yokohama mwanzoni mwa Oktoba, Imamura alikwenda bandarini kumpokea. Inasimuliwa kwamba Omori alikiri kosa lake mbele ya mdogo wake huyo na kumkabidhi kazi. Tarehe 8 Novemba 1923 akafariki dunia. Imamura hakumsema vibaya marehemu. Katika maandishi yake aliendelea kumheshimu kama mwalimu. Mwisho wa mwaka huo akapewa kiti cha profesa, na kwa mara ya kwanza mshahara wa chuo.

Macho yaligeukia kusini

Mtu mwingine angepumzika hapo, akala heshima yake. Imamura, akiwa na umri wa miaka 53, alianza kazi ngumu zaidi. Kumbukumbu zake za zamani zilimwonyesha kwamba pwani ya kusini, kando ya handaki la bahari liitwalo Nankai, hupigwa kwa mfululizo unaofanana. Mwaka 1707 pwani yote ilitikisika kwa pigo moja, na siku 49 baadaye mlima Fuji ukalipuka. Mwaka 1854 mapigo yalikuwa mawili: la kwanza upande wa mashariki tarehe 23 Desemba, la pili upande wa magharibi kesho yake, kama saa 32 tu baadaye. Akauliza: la tatu lini?

Safari hii alitafuta ushahidi ardhini kwenyewe. Vipimo vya usawa wa nchi vilivyorudiwa baada ya miaka mingi vilionyesha kwamba ncha ya rasi ya Muroto, katika kisiwa cha Shikoku, inazama polepole mwaka hadi mwaka. Kumbukumbu zilieleza kwamba wakati wa matetemeko makubwa ncha hiyo huinuka. Imamura akaunganisha mambo hayo mawili: kuzama kwa polepole ni dalili kwamba nguvu inajikusanya. Leo tungesema bamba la juu linavutwa chini na lile linalozama, mpaka siku litakapoachia. Yeye hakuwa na neno bamba, lakini aliuona upinde ukipindwa.

Mwaka 1928 alianzisha vituo vya uchunguzi katika mkoa wa Wakayama na jirani zake. Mwaka 1929 alifufua chama cha wataalamu wa matetemeko cha Japani na kuwa mwenyekiti wake. Mwaka 1931 alistaafu chuoni, lakini aliendelea na vituo vyake, kwa sehemu kubwa akitumia fedha zake na michango.

Tarehe 3 Machi 1933 Sanriku ikapigwa tena na tsunami, na watu zaidi ya 3,000 wakafa au kupotea. Safari hii chanzo kilikuwa cha namna nyingine tena. Sasa tunajua kwamba mabamba hayakuachiana. Bamba la Pasifiki lenyewe lilipasuka, pale linapojipinda kabla ya kuzama, kama kijiti kinavyochanika mgongoni unapokikunja. Pwani ileile, miaka 37 tu baadaye, msiba uleule, sababu tofauti. Imamura alishauri vijiji vihamishiwe mahali pa juu, na watoto wafundishwe habari za tsunami shuleni. Kitabu cha shule kilipoingiza hadithi ya mzee wa kijiji aliyechoma mavuno yake ili kuwaita watu wapande mlimani, iliyotokana na tukio la 1854 katika pwani ya Wakayama, Imamura aliwaandikia walimu maelezo ya jinsi ya kuifundisha. Hakuona aibu kutoka kwenye vitabu vya wasomi na kuingia darasa la watoto.

Desemba mbili

Mwaka 1944 Japani ilikuwa vitani. Kwa ombi la Imamura, wapimaji wa jeshi walikuwa wakipima usawa wa nchi karibu na Kakegawa tarehe 7 Desemba, tetemeko lilipopiga upande wa mashariki wa Nankai. Vipimo vyao vilionekana kuonyesha kwamba ardhi ilianza kuinama kabla ya pigo lenyewe, jambo ambalo wataalamu wanaendelea kulijadili. Watu zaidi ya 1,200 walikufa au kupotea. Serikali ya vita ilibana habari, na wananchi wengi hawakuambiwa ukubwa wa msiba.

Imamura alijua kwamba nusu moja tu ndiyo iliyoachia. Nusu ya magharibi ilikuwa bado imeshikana. Mwaka 1854 ilisubiri siku moja. Safari hii haikujulikana ingesubiri muda gani. Aliendelea kuonya, lakini nchi ilikuwa imeungua kwa mabomu, watu wana njaa, na vituo vyake vimedhoofika. Tarehe 21 Desemba 1946, saa kumi na dakika 19 alfajiri, upande wa magharibi ukaachia. Watu zaidi ya 1,300 walikufa. Ncha ya Muroto iliinuka zaidi ya mita moja, kama alivyotazamia, na nchi tambarare ya Kochi ikazama na kufunikwa na maji.

Hakulifurahia tukio hilo. Lilimhuzunisha sana, kwa sababu alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa karibu miaka 20 na bado watu walikutwa vitandani. Alifariki tarehe 1 Januari 1948, akiwa na umri wa miaka 77.

Elimu iliyofuata

Miaka michache kabla ya matetemeko hayo, Mjapani mwingine, Wadati Kiyoo, alikuwa amegundua kwamba yako matetemeko yanayotokea mamia ya kilomita chini, yakijipanga kwa mshazari kuelekea chini ya bara. Baadaye ikaeleweka kwamba mshazari huo ndio njia ya bamba linalozama. Mwaka 1979 Uyeda Seiya na Kanamori Hiroo walieleza kwamba kanda za kuzama kwa mabamba haziko sawa. Upande mmoja iko mfano wa Chile, ambako mabamba yameshikana kwa nguvu. Huko ndiko kulikotokea tetemeko la 1960 lenye ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Upande mwingine iko mfano wa visiwa vya Mariana, ambako bamba la zamani na zito hushuka bila kubanwa sana, na matetemeko makubwa kabisa ni nadra. Nankai iko upande wa wenye kushikana.

Tukumbuke kwamba katika vipimo hivi kila namba moja inapoongezeka, nguvu huongezeka kama mara 32. Tetemeko la 9 hutoa nguvu kama mara 1,000 kuliko la 7.

Hata hivyo mwaka 2011, tarehe 11 Machi, handaki la Japani karibu na Sanriku liliwashangaza wataalamu wengi. Walitazamia liachie vipande vipande. Likaachia vipande vingi kwa pamoja, kwa ukubwa wa 9.0, na watu zaidi ya 18,000 wakafa au kupotea.

Nasi tunajifunza nini?

Huku kwetu hakuna bamba linalozama. Matetemeko yetu, kama lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, hutokana na Bonde la Ufa, ambako ardhi inatanuka, na kwa kawaida si makubwa kama yale ya Japani. Lakini ng'ambo ya bahari yetu, karibu na Sumatra, liko handaki kubwa. Tarehe 26 Desemba 2004 liliachia kwa ukubwa wa zaidi ya 9, na baada ya saa kadhaa maji yakafika Afrika Mashariki. Somalia walikufa watu wapatao 300. Tanzania nasi tulizika ndugu zetu waliokuwa baharini wakiogelea, na Kenya pia walipoteza mtu. Hapa kwetu hakuna aliyehisi mtikisiko. Maji yalikuja bila hodi, kama yalivyowajia watu wa Sanriku mwaka 1896.

Basi somo la kwanza ni la kawaida kabisa, na tunaomba mlifikishe parokiani na shuleni. Ukiwa ufukweni ukaona bahari imerudi nyuma isivyo kawaida, usiende kuokota samaki, panda juu. Ukihisi mtikisiko mrefu, hata kama ni hafifu, panda juu. Wala usishuke baada ya wimbi la kwanza, kwa maana huwa yako mengine.

Somo la pili linatuhusu sisi tunaojiandaa kusimama mbele za watu. Omori hakuwa mtu mbaya. Alitaka amani mjini, na akadhani amani inapatikana kwa kunyamazisha habari isiyopendeza. Ni kishawishi cha kila kiongozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayekuonyesha ufa si adui wa nyumba yako.

Somo la tatu tunalipata bandarini Yokohama. Mmoja alikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani kwake siku ile, na mwingine alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Lakini huyu alikwenda kumpokea, na yule alikiri. Mji ulikuwa bado unanuka moshi nyuma yao. Kisha aliyebaki hai akarudi kazini, akaanza kuitazama pwani ya kusini.